Divai Uliyoipandisha Kabatini

Kwako Baba,

Sikuandikii kukutakia mapumziko mema huko kaburini. Nakuandikia kuhusu divai.

Unakumbuka msimu ule wanunuzi binafsi walipoingia Bariadi kugombea pamba, nawe ukaezeka nyumba mabati. Ulikuwa katekista, na padre aliyetufikia mara chache kwa pikipiki alikuachia chupa za divai ya misa uzitunze. Miaka yote mayu, mama yangu, alizilaza kwenye mchanga, kando ya mtungi wa maji ndani ya nyumba ya nyasi, akazifunika gunia bichi. Haikuwahi kuharibika hata moja. Nyumba mpya ilipokwisha, ukasema divai ya Bwana hailali chini na kuku. Ukazisimamisha juu ya kabati sebuleni, karibu na bati, ili kila mgeni azione. Mayu alikwambia pale joto litaziua. Ulimzaba kofi mbele yangu, mwiko ukamdondoka.

Basi akawa anasubiri utoke. Mchana bati likianza kulia kwa jua, alipanda juu ya stuli na kuzifunika gunia lililolowa. Mimi ndiye niliyemshikia ndoo. Ukikaribia kurudi, tulilitoa gunia na kufuta kabati.

Jumapili ile padre alizibua chupa mwenyewe mbele yako. Kizibo kilikuwa kikavu, kikamegeka. Alionja akatema. Ya pili nayo siki. Waumini waliotembea tangu alfajiri wakarudi bila misa, na wewe ukacheka na padre kinafiki mpaka pikipiki ikapotea.

Nyumbani uliuliza nani amezigusa. Macho yako yalikuwa kwangu, na mpini wa jembe ulikuwa tayari mkononi. Niliogopa mgongo wangu, Baba. Nikasema, "Nilimwona mayu na maji, kwenye chupa." Sikusema gunia. Sikusema ndoo niliishika mimi.

"Umekunywa divai ya Bwana ukajazia maji," ulimwambia, na ukaanza. Ulimpiga mgongoni akaanguka. Ulimpiga akiwa chini. Alipoinua mkono kukinga kichwa nilisikia mfupa ukivunjika, na hukuacha. Mpini ulikatika, ukainama ukaokota kipande ukaendelea, mpaka majirani wakakukamata na wewe unawang'ata. Mjomba alimchukua kwa baiskeli hadi kwao Bukundi. Hakurudi. Ule mkono uliunga vibaya, mpaka leo hauwezi kutwanga.

Sasa natunza stoo ya vinywaji ya hoteli moja Mwanza. Siku ya kwanza msimamizi alinifundisha: chupa ilazwe, ili kizibo kisikauke na kuingiza hewa, ikae gizani, penye ubaridi, isitikisiketikisike. Nilitoka nje nikakaa kwenye kreti tupu. Mayu, asiyejua kusoma, alikuwa ameyafanya yote kwa mchanga na gunia.

Nilikuchukia siku hiyo kuliko siku ya kipigo. Nilitamani ufufuke nikuvunje mkono, kisha nikuulize unajisikiaje. Bado natamani, sitakudanganya.

Mwezi uliopita nilikwenda Bukundi, nikapiga magoti mbele ya mayu nikamwambia kilichonikaa kooni miaka yote: kwamba mimi ndiye niliyempigisha. Alikuwa akichambua mchele kwa mkono mmoja. Hakuacha.

"Wewe ulikuwa mtoto, uliogopa," alisema. "Baba yako alikiona kizibo. Padre alikitoa mbele yake. Maji ningeyapitishia wapi?"

Nimeyageuza maneno hayo kila usiku. Ulikuwepo, Baba. Uliona chupa zimefungwa. Ulijua kabla hujaniuliza, ila ulihitaji mtu wa kukulipia aibu, na mimi nikakupa jina.

Nimempelekea mayu chupa moja. Ameilaza kando ya mtungi wake, akaifunika gunia, na mimi nikamshikia ndoo. Baki huko uliko. Sitakuja kupalilia kaburi lako.

Ni mimi, binti yako, niliyesema nimeona maji.