Matuta ya Kunde Upande wa Kichuguu

Maputo, Msumbiji

Kwa mama yangu mpendwa, kijijini Bukundi.

Mwangaluka, mayu. Kwa heshima kuu nakuamkia, nikitaraji kwamba goti lako limepata nafuu na kwamba mvua imekukuta umekwisha kupalilia. Mimi mwanao ni mzima. Namwomba dada Nkwimba akusomee polepole, wala asiruke neno.

Kazi ya ulinzi iliyonileta huku ilikwisha, kama nilivyokueleza kwa simu. Sasa nauza mkate wenye bajia kando ya lango la shule. Mkate wenyewe ni mdogo, wa ganda gumu, waliouacha Wareno. Bajia ilikuja na Wahindi. Kunde zinazosagwa ni za wenyeji. Siku ya kwanza nilimpa mteja mkate huku na bajia kule, juu ya sahani, kama tunavyoandaa chai kwetu. Mama Celeste, anayeuza jirani yangu, alicheka hadi akaketi chini. "Mtanzania, mkate wako umefumba mdomo! Upasue, ushindilie, mtu ale akitembea!" Tangu hapo napasua na kushindilia, na beseni hurudi tupu.

Nimearifiwa kwamba baba mdogo anataka shamba lako la kunde lilimwe pamba msimu huu. Mimi aliniambia hivi: "Kunde ni mboga ya wanawake. Na wewe mwanamume mzima umevuka nchi kwenda kukaanga? Rudi uchunge ng'ombe!" Nikamjibu, "Nitarudi, baba, lakini nitarudi na karai langu." Akakata simu.

Kwa hiyo, mayu, nawasilisha ombi langu rasmi. Shamba ni lako, usilitoe. Tena, tumezoea kuchuma majani ya kunde ya kukausha kuwa mboga ya nsansa hadi mmea unachoka na kunde zenyewe zinakuwa haba. Naomba matuta ya upande wa kichuguu yasiguswe jani hata moja, yakomae. Baada ya mavuno nitakuwa sokoni Bariadi, na mkate wa kwanza nitakaoushindilia utakuwa na kunde zako, si za kununua.

Mfikishie salamu shangazi mpika togwa, na baba mdogo kwa heshima yote anayostahili. Majirani wakija kuchuma mboga upande wa kichuguu, waambie waziwazi kwamba matuta yale ni ya Masanja, naye anakuja.

Ni mimi mwanao, mtiifu katika yote isipokuwa pamba,

Masanja