Hawakuitika

Tarehe 3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Wewe je? Unakula? Mbunge asiyekula hana nguvu ya kubishana.

Nimesoma gazetini kwamba muswada wako wa askari wa zamani umesomwa mara ya kwanza. Ukurasa ule nimeukata, nikaubandika juu ya meza yangu ya kutengenezea saa. Wateja wananiuliza, "Huyu si yule mtoto aliyekuwa hanyamazi?" Nawajibu ndiye, na sasa Serikali inamlipa kwa kazi hiyohiyo.

Unanilaumu kwamba sipokei simu. Nilishakueleza: simu ni ya watu wenye haraka. Mtu wa simu alikuwa mama yako. Alikuwa anaongea na wewe, kisha ananisimulia mimi, na habari zilikuwa tamu zaidi zikipita kwake. Sasa hayupo, basi tuandikiane. Barua naweza kuirudia mara tatu.

Mlango nauacha wazi mchana kutwa, tangu siku ile uliyogonga ukaondoka. Ukija, ingia tu. Unakuja lini?

Baba yako


Tarehe 19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na goti nalipa pole.

Ile siku tuiache. Niligonga karibu nusu saa huku redio inaunguruma ndani. Nilielewa kwamba bado una hasira kwa sababu nilirudi kazini siku ya tatu baada ya kumzika mama. Yamepita.

Sikia habari za muswada. Unataka kliniki ya askari wa zamani katika kila wilaya, vifaa kwa waliopoteza kiungo, jicho au sikio vitani, na mafao kwa wajane wao. Wanaopinga wanasema orodha ya jeshi imejaa askari hewa, majina matupu yasiyo na watu. Nimewajibu kwa jambo ambalo najua utalipenda. Kila askari ataitwa kwa sauti ukumbini, mara tatu, kama kwenye paredi, naye ataitika mwenyewe: "Nipo, afande!" Nikawaambia, hewa haiitiki. Bunge zima liligonga meza, Baba. Nilitamani ungesikia.

Nitakuja muswada ukipita.

Mwanao, Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru unakula.

Kuhusu huku kuitana kwa majina, niruhusu nikueleze kitu, maana mambo ya mizinga hayaandikwi gazetini. Mzinga ukilipuka, walio karibu hufungua midomo wazi, ili mshindo upate pa kupitia na usipasue ngoma za masikio. Tulikuwa wanane kwa mzinga mmoja, midomo wazi kama makinda ya ndege. Masikioni tulitia pamba. Pamba ilipokwisha tulitia vipande vya soksi. Mtu akifanya hivyo miaka kumi na moja, ngoma hazibaki kama zilivyokuwa, hata zisipopasuka.

Mchukue jirani yangu Koplo. Ukimwambia "habari za asubuhi", anakujibu "nimeshakunywa, asante". Huyo nanyi mtamwita kwa sauti? Hamwezi kuandika majina mahali watu wakayaona? Nauliza kwa niaba ya Koplo.

Mwembe wetu wa uani— ngoja, nimesahau nilichotaka kuandika. Neno limeshaandikwa, liache hivyo. Unakuja lini?

Baba yako


Tarehe 11 Mei

Baba!

Shikamoo. Umepita! Kura kumi na nne zaidi. Nimelia chooni kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kisha nikanawa uso nikatoka kupigwa picha.

Kifungu cha kuitwa majina nimekiacha kama kilivyo, kwa sababu ndicho kilichowavuta waliokuwa wanasitasita. Zamu ya wilaya yetu ni tarehe 8 Juni, ukumbi wa halmashauri. Mwambie Koplo akae safu ya mbele, nawe ukae pembeni yake, umguse jina lake likiitwa. Kisha itika lako kwa sauti ambayo hata mimi huku nitaisikia.

Kuja, bado kidogo. Kuna kanuni za kuandika.

Mwanao, Chiriku


Tarehe 30 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Goti je? Wiki saba sasa tangu nikuandikie, sijapata jibu. Ilikuwaje ukumbini? Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao


Tarehe 21 Julai

Baba,

Shikamoo.

Leo nimeletewa orodha ya wilaya yetu. Kurasa za mbele ni walioitika. Ukurasa wa mwisho umeandikwa juu yake "Hawakuitika", na wote waliomo humo wanafutwa mwisho wa Septemba. Wako kumi na tisa. Wa nne ni Koplo. Wa tano ni wewe.

Hukwenda. Nimehangaika miaka miwili na sheria hii, nikiwaza uso wako siku utakayosimama kuitika, na wewe hukutoka hata nje ya mlango. Kama ulikuwa unaniadhibu kwa sababu ya mazishi, umeniadhibu vya kutosha. Lakini kwa nini umemzuia na Koplo?

Binti yako


Tarehe 5 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Natumaini u mzima. Mimi pia mzima wa mwili.

Nilikwenda. Nilifika kabla hawajafungua mlango, nikiwa nimevaa koti langu la medali. Koplo alivaa kofia yake, ambayo sasa imemzidi kichwa. Tulikaa safu ya mbele kama ulivyoagiza. Karani alikuwa mtu mpole, lakini ana masharubu mazito, na alisoma majina akiwa ameinamia karatasi.

Hapo nieleze polepole. Mimi nasoma midomo, mwanangu. Ndivyo nilivyoishi miaka yote hii. Midomo ya mama yako niliisoma kama kitabu cha darasa la kwanza. Masharubu siyawezi.

Watu wakawa wanasimama mmoja mmoja, wanapiga saluti, wanakwenda mezani. Nikamuuliza Koplo, "Hawajatuita bado?" Akanijibu, "Hapana, sina njaa." Kumbe yeye alikuwa ananitegemea mimi, nami namtegemea yeye. Karani alipofunga faili nikamfuata. Akanitazama kwa huruma, akachukua kalamu, akaniandikia: "Mzee, nilikuita mara tatu."

Sisikii, Chiriku. Sikio la kulia lilikufa kabla hujazaliwa. La kushoto lilikusikia mpaka ulipofika darasa la tano hivi, na ndilo lililokupa hilo jina. Sauti yako ya ukubwani siijui. Saa za wateja nazishika kwa meno ili nijue kama zinatembea. Mama yako alijua, nilimwapisha asiseme. Baba mpiga mizinga anayeuliza "unasemaje?" kila wakati, watoto humwonea huruma, nami sikutaka huruma yako. Nilitaka uendelee kuongea.

Siku uliyogonga nilikuwa ndani. Redio naiwasha ili niweke kiganja juu yake. Inatetemeka kama paka. Kesho yake jirani mwingine akaniambia, "Binti yako alikuja, alisimama sana." Tangu hapo mlango haujafungwa mchana.

Sikuandika kwa aibu, na kwa kuwa magazeti yalikuwa bado yanakusifu. Basi mimi ni askari hewa. Hewa inayokunywa chai na kuumwa goti.

Baba yako


Tarehe 12 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za Bunge. Miaka yote hii ulikuwa unaitikia kwa kichwa, nami nikidhani umekubali. Na ile barua ya Koplo! Uliniambia kila kitu, nikakujibu mkae safu ya mbele.

Nimeuliza wilaya zote. Wasioitika ni zaidi ya elfu mbili, na robo tatu yao ni wa vikosi vya mizinga. Walikaa ukumbini, Baba, wote, wamenyamaza kwa heshima wakingoja kuitwa.

Kesho nasimama kusema kwamba kifungu nilichogongewa meza ni kosa langu, na hao wasifutwe. Watasema natunga sheria kwa ajili ya baba yangu. Nitawaambia ndiyo, na bado nilimsahau.

Mwanao, Chiriku


Tarehe 14 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Salamu, na hongera ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Nilikusoma gazetini. Picha walikupiga mdomo wazi, nikajaribu kuusoma, lakini picha haitembei.

Wiki iliyopita tuliitwa tena. Safari hii majina yalibandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na kila mtu akaweka kidole kwenye lake. Koplo aliweka kwenye lake, kisha kwa furaha akaweka na kwenye langu, ikabidi tumwondoe.

Kliniki imefunguliwa palipokuwa ghala la zamani. Muuguzi akanitia kifaa kwenye sikio la kushoto. Nilipotoka nikadhani kuna mtu ananifuata. Nikageuka mara mbili. Zilikuwa ndala zangu. Nimesikia kifuniko cha sufuria. Nimesikia mvua ikianza, kabla goti halijasema. Saa ya ukutani, ambayo nimeitengeneza mwenyewe, ina kelele kupita kiasi, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Jumanne nilikupigia simu. Ile namba usiyoijua iliyokata, ni mimi. Ulisema kitu, lakini kwangu ilikuwa kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Nilisikiliza ule mchanga mpaka nikaona machozi yanakuja, nikakata. Muuguzi anaeleza kwamba sikio lililokaa bila kazi lazima lifundishwe upya, na halifundishwi kwa simu. Linataka mtu akae mbele yako, chumba kimetulia, aseme polepole, siku nyingi.

Kwa hiyo sheria yako imenirudishia ndala, sufuria na mvua. Wewe bado. Unakuja lini?

Baba yako


Tarehe 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimeomba ruhusa ya mwezi mzima, na Spika amekubali bila kuuliza. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa hapo.

Nina ombi moja. Siku hiyo usiuache mlango wazi. Ufunge, zima redio, uvae kifaa chako, ukae ndani.

Nataka nigonge.

Mwanao, Chiriku