Chatu ghalani kwa Harithi

Makrina, wamempiga Raudha. Mjukuu wangu, mtafiti wa nyoka, wamempiga mbele ya macho yangu hapa Likunja.

Alikuwa akimfuatilia chatu aliyemwekea kifaa cha mawimbi mwilini. Mawimbi yakamwongoza hadi ghalani kwa shemeji yangu Harithi. Akasema kwa heshima, "Babu, ondoa watoto. Yumo chini ya magunia ya korosho." Harithi na majirani wakayainua magunia, na chatu alikuwamo.

Harithi akasema, "Aliyejua alipo ndiye aliyemtuma."

Hayo tu, Makrina. Hayo tu yalitosha.

Walimkatakata chatu kwa mapanga, kisha wakamgeukia Raudha. Tofali lilimvunja mkono. Alikuwa akivuja damu huku akiwaeleza kazi yake, nao wakimwita mchawi.

Nilinyakua mchi kinuni, nikampiga Harithi begani hadi akaanguka. Nikawauliza, "Nani anafuata?" Hakusogea mtu.

Sasa tuko zahanati. Harithi naye ameletwa, ameketi benchi moja nasi. Raudha amemwamkia, "Shikamoo, Babu." Naye ameitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kana kwamba wamekutana sokoni.

Panda bodaboda uje, Makrina. Njoo unishike mikono, nisije nikampiga tena.