Mawe ya Bwawa na Chumba Chetu

Kiamunyi, Nakuru
Alhamisi jioni

Kwako Mama Nekesa,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto. Mguu wa mama umepata nafuu? Mahindi yameanza kubeba? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo haujatulia. Jana nilijaribu kukupigia simu, nikakata kabla hujapokea. Unajua huwa naandika mambo ya kila siku kabla ya kulala. Jana sikuandika hata neno. Acha nikueleze kwa utaratibu.

Kazi yangu bado ni ile ya kuzungushia mawe bwawa la samaki katika bustani ya Mwalimu, yule mama mstaafu aliyetuahidi chumba cha nyuma. Tulipochimba, mimi na mwenzangu Kiprono, tulikuta mstari wa udongo wa kijivu, mwepesi kama jivu la jikoni, umekata shimo upande hadi upande.

"Hiyo ni mtaro ya paipu ya zamani," Kiprono akasema. Nikakubali. Tukashindilia kifusi, tukatandika plastiki, tukajaza maji, nikaanza kupanga mawe. Kila jiwe nililaza kwenye zege, likitokeza kidogo juu ya maji ili kuficha plastiki.

Juzi mvua kubwa ilinyesha. Jana asubuhi tukakuta maji yamepungua, tukadhani plastiki imetoboka. Kiprono akanicheka: "Fundi, umepanga mawe kama meno ya bibi arusi, na samaki watakufa kiu!" Akarudi nyuma kidogo aone kama ukingo umenyooka.

Mama Nekesa, ardhi ikafunguka. Nilikuwa naona Kiprono mzima, ghafla naona kichwa na mikono tu. Maji yote yakashuka, plastiki ikavutwa kama shuka. Alikuwa ameng'ang'ania jiwe nililoweka la kwanza, ambalo zege lake lilikuwa limeshika.

"Nishike! Usiniache, ndugu yangu!"

Nikalala kifudifudi, nikamkamata mkono. Mwalimu akaja mbio na kamba ya ng'ombe, tukamvuta. Miguu yake ilikuwa inaning'inia hewani. Baadaye nilitupa jiwe humo. Sikulisikia likifika.

Leo Mwalimu ametaka tujaze kifusi na kumwaga zege juu. "Mvua ikiisha itatulia," akasema. Kiprono alikuwa amejifunika blanketi. Akamjibu, "Mathe, hilo shimo halijashiba. Ukililisha leo, kesho litaitisha nini?"

Nilichukua uzi wangu wa kupangia mawe, nikaunyoosha kufuata ule mstari wa kijivu, ulioonekana tena kingoni mwa shimo. Ulienda moja kwa moja hadi chumba chetu, pale nilipopanga tuweke kitanda cha watoto. Ukutani palikuwa na ufa nilioziba kwa plasta, nikapaka rangi ya samawati aliyoitaka Nekesa. Umefunguka tena. Mkono wangu unaingia. Haukuwa mtaro wa paipu, ni ardhi yenyewe imepasuka.

Najua umeshafunga mizigo. Najua tumengojana sana, na kanisani wamekwisha kukuombea safari. Usije. Kuku usimpe dada yako bado. Mimi nimehamia kwa Kiprono, na kazi hii nimeiacha. Nimemwambia Mwalimu naye alale kwa binti yake.

Nisalimie mama, shemeji yangu mpishi wa shule, na jirani anayekusaidia kupalilia. Nekesa akiuliza habari ya samaki, mwambie hatukuwa tumewaleta. Huo ni ukweli. Mengine usimwambie.

Ni mimi mumeo,
Baba Nekesa