Bundi wa Mgiriki

Jumatatu, 4 Agosti

Nimezifuta sarafu zangu za fedha kama kila Jumatatu. Za babu, alipewa na Mgiriki wa shamba la mkonge kule Lindi. Kobe yupo. Farasi wa mabawa yupo. Bundi hayupo! Upande mmoja mwanamke kavaa kofia ya vita, upande wa pili bundi, macho yote mawili yanakutazama. Simu inasema imetengenezwa kabla ya Yesu. Aliyeingia chumbani kwangu ni Mfaume tu, mtoto wa mama mkubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeiona. Kule Kitangari, shingoni kwa Salima, mchumba wa Mfaume. Mfaume kaitoboa. Tundu limepita shavuni kwa yule mwanamke. Nyuma kagandisha kitambaa cheusi, bundi asionekane. Nani huku atavaa ndege wa wachawi? Mfaume kanicheka mbele ya watu. "We bubu, unakodolea nini? Tafuta wako." Namchukia mpaka meno yanauma.

Ijumaa, 8 Agosti

Jumapili wanapeleka mahari kwa kina Salima. Nimesema nitabeba mchele. Mama kashangaa, mimi huwa siendi kwenye watu. Namtaka Mfaume aaibike. Basi.

Jumapili, 10 Agosti

Bibi yake Salima alikuwa kaishika ile sarafu, anaisifia kwa wageni. Nikapiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bandua hicho kitambaa."

Akabandua kwa kucha. Akaitupa mchangani, akajifuta mkono kwenye kanga. "Bundi! Mnamletea mjukuu wangu kifo?" Wanawake wakainuka wote. Salima analia. Mahari ikarudishwa, na mchele wake. Mfaume midomo imemkauka. Nikamwangalia mpaka nikashiba.

Bibi kauliza, "Huyu ndege wa nani?"

"Si wangu! Wallahi si wangu!" Mfaume huyo.

Mwenye bundi ni mchawi, hapo hakuna asiyejua. Nikisema, jina limeniganda. Nisiposema, wanaitupa chooni.

"Wangu," nikasema. Nikaiokota.

Jumatano, 13 Agosti

Makote, bombani kwetu. Foleni ndefu. Nimewaamkia kina mama, hakuna aliyeitikia. Wamesogeza ndoo zao, mmoja kamvuta mwanawe. Nimejaza wa kwanza. Maji yalikuwa yanatoka vizuri.