Kompyuta ya Bosi na Ng'ombe wa Minza

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Dar bado hawajatuunganisha. Ukipiga simu inaita tu. Databesi ya chanjo za ng'ombe iko kwao, sisi huku Majengo, Sumbawanga, kwenye duka la dawa za mifugo, tumekaa na kompyuta tunaipangusa vumbi. Basi nimetunga databesi ya kuigiza kwa JavaScript, nijaribie ukurasa wangu. Unaandika chapa ya ng'ombe, inasubiri kidogo — ionekane inatafuta — inajibu AMECHANJWA. Chapa yoyote! Danganya toto. Ila imekubali, nimefurahi.

Alhamisi, 6 Novemba

Bosi Isdori kaihamishia kaunta, wafugaji waulizie ng'ombe wao. Nikamwambia ni ya majaribio, haina hata ndama ndani. Eti mteja haoni ndani. Mtu huyu!

Jumamosi, 8 Novemba

Leo kanuna. Watu wanasoma AMECHANJWA, wanaondoka bila kununua chanjo. Akaniagiza igeuzwe, ijibu HAJACHANJWA. Nimegeuza. Kazi Sumbawanga haziokotwi. Lakini najiona mchafu.

Jumanne, 11 Novemba

Kaja Minza, mama wa Kisukuma anayefugia kule nje ya Milanzi. Shikamoo, marahaba. Ng'ombe wake walichomwa sindano kabla ya kiangazi, yeye mwenyewe kawashika pembe. Kaja kuhakikisha tu. Nikaandika chapa. HAJACHANJWA. Nilingoja atukane — laiti angetukana!

"Basi nitakuwa nimechanganya, mwanangu," akasema. "Hii imefikiri kwanza ndipo ikajibu."

Mimi ndiye niliyeiambia isubiri!

Jumatano, 12 Novemba

Kawaleta wote, mavi hadi mlangoni. Mtamba wake mmoja kapatana asubuhi kumuuza kwa bei ya kutupa, apate ya chanjo. Mnunuzi yuko nje na kamba, pesa bado hajatoa. Bosi anavuta dawa kwenye bomba la sindano, anapiga mluzi. Mluzi!

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Minza mbele ya bosi: mama, ng'ombe wako wamechanjwa, hii kompyuta ni mwongo, nimeiandika mimi.

Akanitazama mimi. Akaitazama kompyuta. "Hebu iulize yenyewe," akasema.

Bosi kanisogezea kibodi, anatabasamu. Nikasema naenda chooni mara moja. Ndiko niliko, nzi wananitambaa usoni, naandika. Minza ananiita, kwa upole kabisa — mwanangu, njoo uiulize, mwenye kamba anataka kuondoka