Mzee Kato na Chanjo ya Kipindupindu

Jumamosi usiku, kisiwani Bumbire

Halafu watu wanasema mimi ni mdomo tu! Leo mdomo huu umeokoa kambi nzima ya wavuvi.

Wauguzi wa chanjo ya kipindupindu walifika asubuhi kutoka Muleba. Mzee Kato, mkuu wa kambi yetu, akagoma, na akigoma yeye wavuvi wote wanagoma. Nikamkumbuka rafiki yangu Deo, mvua zilizopita, alivyoharisha hadi tukampakia botini hajitambui. Alipona, ila sitaki kuona tena.

Nikapaza sauti mbele ya akina mama wanaoanika dagaa: "Mzee wetu anaogopa sindano!"

Wakaangua kicheko. Mzee akavua shati kwa hasira, akatoa bega, akafumba macho.

"Fungua mdomo, baba," muuguzi akamwambia. "Hii inanywewa."

Kumbe! Hata mimi sikujua, lakini nilicheka kama najua. Baada yake wote wakapanga foleni.

Muuguzi akasisitiza kwamba hata baada ya chanjo, maji ya ziwa tuyachemshe kabla ya kunywa. Mzee akanigeukia: "Umesikia, mwenye mdomo? Kuanzia kesho mchemshaji ni wewe."

Sawa, nitakoka moto alfajiri. Ila ole wake Mzee Kato nimkute ameinamia ziwa na kikombe.